Lifunge, Lifungue

Jirani yangu mmoja, kijana, anatengeneza mchezo wa kompyuta usio na picha hata moja. Unaandika amri, nao unakujibu kwa maneno. Juzi nilimkuta ameshika tama mbele ya kioo cha kompyuta: kila akiandika "lifunge", sanduku linafunguka.

Nilicheka. Maradhi hayo ni ya zamani. Adventure, mchezo alioanza kuuandika Mmarekani Will Crowther katikati ya miaka ya 1970, ulitazama herufi 5 tu za mwanzo wa neno. Zork, mchezo mwingine wa aina hiyo, ulipouzwa madukani ulitazama 6. Kumbukumbu ilikuwa ghali, na Kiingereza hakikudhurika sana. Lakini sisi viambishi vyetu hutangulia: kata "lifunge" na "lifungue" kwenye herufi ya 6, yote mawili yanabaki "lifung". Kijana alirithi kanuni hiyo bila kuuliza ilizaliwa na shida gani.

Na kiambishi hicho hicho ndicho johari. Kwa Kiingereza, mchezaji akiagiza kitu bila kukitaja jina, programu hubahatisha, mara nyingi ikishika kilichotajwa mwisho. Kwetu "lifungue" ni sanduku, "ufungue" ni mlango, "kifungue" ni kitabu. Ngeli imeshanyoosha kidole. Tulikaa na daftari mpaka kiza kikaingia, tukipanga vitenzi, na sikumbuki lini mara ya mwisho niliiona sarufi ikifanya kazi ya mikono namna ile.

Waliotengeneza Zork pale chuo cha MIT, kuanzia 1977, walikuwa na adabu ninayoitamani. Ukiandika "chukua kisu" na visu viko viwili, unaulizwa kipi. Sentensi yako iliyokatika inawekwa pembeni (wenyewe waliiita yatima) mpaka ujibu, kisha inaunganishwa. Ukitumia neno lisilomo kwenye kamusi, mchezo unakiri haulijui. Siku hizi mashine zetu ama hutupa vitufe vitatu tuchague, ama hujibu kwa ufasaha jambo ambalo hatukuuliza. Kusema "sijui" kumekuwa aibu.

Adabu hiyo haikuiokoa biashara: Infocom, kampuni iliyouza Zork, ilifungwa 1989.

Kijana ameondoa kikomo cha herufi, na sanduku sasa linafungika. Wapwa wangu waliuonja mchezo, wakauliza picha ziko wapi, wakaondoka. Wachezaji wake mpaka leo ni wawili: yeye na mimi.