Mama Aliyeachwa Njiani: Simulizi ya Swema na Swali Lisiloulizwa

Riwaya ya Kiswahili imezoea kumsindikiza mwana wa kiume anayemtafuta baba. Katika Siku Njema ya Ken Walibora, iliyochapishwa mwaka 1996, Kongowea Mswahili anaondoka Tanga baada ya kufiwa na mama yake, anavuka mpaka na kwenda hadi Kitale kumtafuta baba asiyemfahamu, na safari hiyo inamfikisha kwa baba. Binti anayemtafuta mama ni nadra zaidi katika fasihi hii, na pale anapotokea, mara nyingi mama amekwisha kuondolewa katika kurasa za mwanzo. Simulizi kongwe ya Swema, binti wa Kiyao aliyefikishwa Unguja katika miaka ya 1860, inaonyesha jinsi mama anavyoweza kuwa kiini cha hadithi na papo hapo akapotezwa na hadithi yenyewe.

Simulizi hiyo ilitungwa kutokana na maneno ya Swema na padri Anton Horner wa misheni ya Kikatoliki ya Unguja, kisha ikachapishwa Paris mwaka 1870 na Monsinyori Gaume kwa jina la Suéma. Mwanahistoria Edward Alpers aliirejesha mbele ya wasomaji kwa Kiingereza mwaka 1983, pamoja na uchambuzi wake. Kisa chake ni kifupi na kizito. Mjane wa Kiyao anakopa mtama kwa jirani wakati wa njaa. Deni linamshinda kulipa. Mdai anamchukua binti yake, mtoto wa miaka kama kumi, na kumuuza kwa msafara wa watumwa uliokuwa ukipita, kwa mikono michache ya kitambaa cha amerikani. Mama, ambaye watoto wake wengine walikwisha kufa, anaomba naye achukuliwe. Atabeba pembe ya ndovu, ilimradi asitengane na mwanawe. Njiani nguvu zinamwishia. Mwenye msafara anaona kwamba chakula anachokula hakirudishi faida, anamnyima posho, na hatimaye mama anaachwa porini huku binti akiswagwa kuelekea Kilwa.

Yaliyofuata ndiyo yaliyoufanya mkasa huu ujulikane Ulaya. Swema alipakiwa jahazini hadi Unguja akiwa hoi. Akadhaniwa hana maisha, akaviringishwa mkekani na kufukiwa katika kaburi la kina kifupi. Kijana mmoja alisikia kilio chake, akamtoa na kumpeleka kwa watawa wa misheni. Huko alipona, akafundishwa dini mpya, na baadaye akatakiwa kumuuguza majeruhi aliyeletwa hapo, ambaye alimtambua kuwa ndiye aliyesababisha kifo cha mama yake. Akashindana na nafsi yake, akamsamehe. Kilele cha kitabu ni hapo.

Msomaji makini hawezi kukipita kilele hicho bila kusita. Binti na mwenye msafara wamekutana chumba kimoja. Huyo majeruhi ni miongoni mwa watu wachache duniani wanaojua mama aliachwa chini ya mti gani, karibu na kijito gani, akiwa bado anapumua au la. Mtunzi, hata hivyo, hakuyajengea maneno hayo mandhari. Mandhari aliyoijenga ni ya msamaha. Msamaha umewekwa mahali pa ukweli, na kwa kuwa ni jambo tukufu, haimpitikii msomaji kuuliza ukweli umekwenda wapi. Kitabu kiliandikwa kwa ajili ya waumini wa Ufaransa ambao sadaka zao ziliiendesha misheni. Kwa wasomaji hao, safari ya Swema ilipaswa kuishia mikononi mwa watawa na Kanisa, yaani kwa mama mpya. Mama wa kwanza, yule wa deni la mtama, alipaswa kufungiwa mlango ili wa pili aingie.

Hayo hayamaanishi kwamba kitabu ni uzushi. Yamo ndani yake mambo ambayo mtunzi wa mahubiri asingekuwa na haja ya kuyabuni: kiasi cha mtama, bei ya mtoto kwa mikono ya nguo, mzigo wa pembe, posho inayopunguzwa kwa anayedhoofu. Mambo haya ni ya sokoni na njiani, na yanamchora mama kwa usahihi kuliko machozi yote aliyopambiwa. Mwanamke huyu alielewa hesabu ya msafara. Alijua kwamba mtu haruhusiwi kuufuata kwa mapenzi, anaruhusiwa kwa mzigo; basi akajigeuza mpagazi, akaununua kwa mabega yake muda wa siku kadhaa za kumtazama mwanawe. Padri alimwona mhanga wa kuhurumiwa, ilhali matini yenyewe inamwonyesha mtu aliyefanya uamuzi.

Ugumu wa sauti ya binti unadhihirika zaidi simulizi hii ikiwekwa karibu na maandishi mengine ya Unguja ya wakati ule. Mwaka 1887 A. C. Madan wa misheni ya Kianglikana alitoa London kitabu cha masimulizi ya vijana wa shule ya Kiungani, wengi wao waliokombolewa utumwani. Vijana hao waliandika wenyewe habari za makwao na jinsi walivyotekwa, na Madan akazifasiri. Walikuwa wavulana. Mwaka mmoja kabla yake, mjini Berlin, Salme binti Said, aliyekwisha kuitwa Emily Ruete, alichapisha kumbukumbu zake. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria aliyetoka nchi za Kaukazi, aliyetenganishwa na wazazi na ndugu zake angali mtoto mdogo kabla ya kuletwa Unguja. Binti wa mfalme alishika kalamu, akaandika kidogo alichokijua juu ya asili ya mama yake, na hata yeye alifika ukutani. Swema hakuwa na jumba la kifalme wala kalamu. Maneno yake yalipita katika kalamu ya padri, kisha ya monsinyori, ndipo yakachapwa. Hata hivyo mabinti hawa wawili, mmoja wa kasri na mmoja wa mkekani, wamekutana katika jambo moja: utumwa uliwakata upande wa mama.

Uzito wa kukatwa huko hauonekani vyema kutoka Paris. Unaonekana kutoka Mtua, katika nchi ya Nachingwea na Ruangwa, baina ya mto Lukuledi upande wa kusini na Mbwemkuru upande wa kaskazini. Misafara iliyotoka Uyao kwenda Kilwa iliikata bara hiyo iliyo nyuma ya Kilwa na Lindi. Matini haitoi ruhusa ya kudai kwamba mama yake Swema alianguka Mtua, na uhakiki usijitwalie ruhusa hiyo. Lakini msomaji wa Mtua anaijua ardhi ya aina ile, na zaidi ya hapo anaujua mpango wa ukoo ambao mtunzi Mfaransa hakuuzingatia. Kwa desturi ya Wamwera, kama ya Wayao, mtoto alihesabiwa upande wa mama. Mjomba alikuwa na sauti kuliko baba, na msichana alifikishwa unyagoni akiwa amezungukwa na watu wa mama yake. Swema alichukuliwa kabla ya umri huo. Alipompoteza mama alipoteza pia ukoo, wajomba wa kumdai, na wanawake wa kumtambulisha kuwa mtu mzima. Ndiyo maana swali la mama aliachwa wapi halikuwa swali la huzuni tu. Lilikuwa swali la binti huyu ni nani.

Kwa mtazamo huo, hata msamaha wake unahitaji kusomwa upya. Yeye mwenyewe alikuwa na haki ya kusamehe njaa, viboko na kaburi alilofukiwa. Damu ya mama ilikuwa na wadai wengine, wajomba na ndugu, ambao kitabu hakiwakumbuki. Mtoto mmoja katika chumba cha wagonjwa alitwishwa kusamehe kwa niaba ya ukoo mzima uliokuwa mbali, nao haukuwa na habari.

Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alipita Lindi akielekea bara pamoja na watu waliokombolewa, nao wakafanya maskani Masasi, kusini mwa Nachingwea. Watu hao angalau walirudishwa upande wa kule walikotoka, mahali ambapo jina la mtu aliyepotea lingeweza kutajwa na kusikiwa. Mkasa wa Swema ulielekea upande wa pili, baharini na ng'ambo, ukasomwa na watu wasioweza kumjibu.

Wahenga walinena kwamba uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Simulizi hii inaonyesha upande ambao methali haikuutaja: uchungu wa mzazi nao una mwana anayeujua, na mwana huyo anaweza kunyimwa maneno ya kuusema. Suéma inastahili kusomwa kwa Kiswahili, Unguja na Mtua pia, lakini isomwe kwa kumsubiri mama pale alipoachwa, kabla ya kuufuata msafara hadi pwani. Kurasa zinazomhusu ni chache. Ndani yake amebeba pembe begani, na macho yake yako kwa mtoto aliye mbele.