Bustani za Juma Moja

Maonyesho ya bustani ni jambo la ajabu ukilitafakari. Bustani ni kazi ya miaka, na maonyesho ni kazi ya siku chache. Anayetaka kuyaunganisha mawili haya hana budi kudanganya upande mmojawapo. Kwa maoni yangu, ustadi wa maonyesho haya uko katika kuchagua udanganye upande gani, na kwa kiasi gani.

Nayasema haya nikiwa na mfano mmoja akilini, nao ni maonyesho ya Hampton Court, Uingereza, ya mwaka 2018. Binti yangu, ambaye ni muuguzi huko London, alinikatia tiketi ya Jumapili tarehe 8 Julai, siku ya mwisho, kwa kuwa ndiyo siku aliyopata mapumziko. Tulipanda treni Waterloo pamoja na mjukuu wangu wa miaka tisa. Siku iliyotangulia Uingereza ilikuwa imeifunga Sweden mabao mawili kwa bila katika Kombe la Dunia, basi nusu ya behewa walivaa jezi na nusu nyingine walivaa pama. Wenye jezi waliteremka njiani. Wenye pama tulikwenda nao hadi mwisho wa reli, ambapo mtu huvuka daraja la mto Thames na kuliona jumba la Mfalme Henry VIII mbele yake.

Maonyesho hayo yalianza mwaka 1990, na mwaka 1993 yakachukuliwa na Royal Horticultural Society, chama cha wapenda bustani kilichoundwa mwaka 1804. Yalikuwa yakitajwa kuwa makubwa kuliko yote ya aina yake duniani, na miguu yangu haikuona sababu ya kubisha.

Jambo la kwanza nililoliona lilikuwa nyasi. Majira ya joto ya mwaka ule yalikuwa miongoni mwa yenye joto kali kabisa katika kumbukumbu za Uingereza, na ule uwanja, ambao katika picha zote huwa wa kijani kibichi, ulikuwa umekauka ukawa na rangi ya mkeka mkuukuu. Mjukuu wangu akauliza, "Babu, hapa si kama Dodoma?" Nikamwambia Dodoma mwezi wa saba ina upepo zaidi. Lakini katikati ya ukavu ule, ng'ambo ya kamba za kuzuia watu, zilisimama bustani mbichi zinazometa kwa maji, kana kwamba mvua ilikuwa imenyesha juu yake peke yake.

Inafaa msomaji aelezwe bustani hizi hufanywaje. Mbunifu hupewa kipande cha ardhi tupu. Katika wiki chache huleta mawe, miti iliyokwisha kukua, kuta, hata vijito, kisha mimea iliyooteshwa kwingine ndani ya vyungu. Mimea hiyo huwa imecheleweshwa au imeharakishwa, mingine kwa baridi na mingine kwa joto la nyumba za vioo, ili ichanue juma lilelile majaji wanapopita. Mara nyingi haitolewi hata vyunguni. Chungu hufukiwa na juu yake hutandazwa udongo au maganda ya miti. Juma likiisha, vyote hung'olewa.

Kuhusu majaji nina neno la kusifu, nami nililiangalia jambo hili kwa jicho la mtu aliyesahihisha madaftari muda mrefu wa maisha yake. Medali zao ni za dhahabu, za fedha iliyopakwa dhahabu, za fedha na za shaba. Bustani hazishindanishwi kwa kupangwa nafasi. Kila moja hupimwa kwa kiwango kilichowekwa, na zikifika kiwango cha dhahabu bustani sita, zote sita hupata dhahabu. Hii ni haki. Tumeishi miaka mingi na desturi ya kuuliza mtoto amekuwa wa ngapi kabla ya kuuliza amejua nini, na Baraza la Mitihani la Tanzania lilipoacha mwaka 2023 kutangaza shule kumi bora, mimi ni mmoja wa waliofurahi. Basi katika hili wakulima wa maua walitutangulia.

Ila kiwango chenyewe ndicho kinachonitatiza. Mbunifu huandika mwenyewe maelezo ya bustani yake, ni ya nani, ni ya kazi gani, inakusudia nini, na majaji huitazama bustani wakiwa na karatasi ile mkononi. Mwanafunzi akijitungia swali, atalijibu vizuri. Niliisimamia kwa muda bustani moja, ambayo sitaitaja, iliyokuwa na ukuta wa chuma chenye kutu, miti minne myembamba yenye magome meupe, na mfereji wa maji uliopita chini ya benchi. Maandishi yake yalisema ni mahali pa kutulia kwa mtu mwenye shughuli nyingi. Kwa macho ilikuwa nzuri sana, sikatai. Nilitafuta mahali pa kuweka jembe. Nilitafuta bomba, rundo la majani yanayooza, kamba ya kuanikia nguo, kile kijia ambacho mtoto atakikata hata ukimkataza. Hapakuwa na hata kimoja. Na yule mwenye shughuli nyingi angeipalilia lini?

Sisi tuliofanya kazi mashuleni tunaujua uzuri wa namna hii. Tunajua mawe ya kando ya njia yakipakwa chokaa siku mbili kabla ya mgeni rasmi. Tunajua na mti wa kumbukumbu, unaopandwa huku watu wakipiga makofi, wenye kibao cha jina na tarehe, ambao baada ya miezi mitatu kibao ndicho kinachobaki. Silisemi hili kwa kejeli. Mgeni ana haki ya kupokewa mahali safi. Lakini hakuna mwalimu mwenye akili zake aliyewahi kudhani kwamba chokaa ni shule.

Hata maonyesho yetu ya Nane Nane, pamoja na vumbi lake na spika zake, yanawashinda wenzetu kwa jambo hili moja. Vipando vya Morogoro au Mbeya hupandwa ardhini palepale, miezi kabla ya Agosti, na mahindi yanayoonekana yameota hapo yanapoonekana. Yakishikwa na viwavi, mkulima anayepita ataviona. Kasoro yetu ni nyingine, kwamba baada ya wageni kuondoka vipando vingi huachwa vikauke mpaka msimu mwingine wa sherehe. Hapo tuko sawa na wao.

Mwaka ule alikuwapo mtu mmoja aliyeufanya ubishi wangu uwe mgumu. Naye ni Piet Oudolf, Mholanzi aliyezaliwa mwaka 1944, ambaye kwa miaka mingi alikuwa na kitalu chake katika kijiji cha Hummelo. Ndiye aliyechagua mimea ya High Line, ile reli kuukuu ya juu kwa juu mjini New York iliyogeuzwa bustani, ambayo sehemu yake ya kwanza ilifunguliwa mwaka 2009. Oudolf anafahamika kwa fundisho moja ambalo wapanda maua wengi walilikataa mwanzoni, kwamba mmea uchaguliwe kwa umbo lake lote, tangu kuchipua hadi kukauka, si kwa ua peke yake. Bua lililokufa na kichwa cha mbegu kilichogeuka cheusi ni sehemu ya bustani, naye huviacha visimame majira yote ya baridi.

Bustani yake ya Hampton Court watu walipita ndani yake badala ya kuitazama kambani. Ilikuwa ni majani marefu na maua ya kudumu yaliyochanganywa kwa mafungu, hayana mstari wala duara, na upepo mdogo ukipita yote yaliinama pamoja. Kwa mtazamo wa haraka ungesema ni pori. Binti yangu alisema, "Baba, hii si kama kando ya njia ya kwenda kwa bibi?" Nami nikaona kasema kweli, isipokuwa kando ya njia ya kwa bibi hapana mtu aliyekaa akafikiri nini kifuate nini. Katika uwanja ule wote ni bustani hii peke yake iliyonifanya nijiulize itakuwaje mwezi wa kumi na moja. Huo ndio upungufu wake pia, wala si kosa la Oudolf. Mtu aliyetumia maisha yake kufundisha uzuri wa kunyauka alipewa juma moja la Julai. Tulionyeshwa sura ya kwanza ya kitabu ambacho sifa yake yote iko katika sura za mwisho.

Niingie sasa katika hema kubwa, ambako nisingependa kutoka. Huko hamna kuta za chuma. Wamo wenye vitalu, kila mmoja na meza yake, na wengi wao wana mmea wa aina moja tu walioukuza maisha yao yote. Mzee mmoja mwenye kucha nyeusi kwa udongo alimweleza mjukuu wangu kwa dakika kumi namna ya kugawa shina la yungiyungi la bluu, lile liitwalo Agapanthus, lenye asili ya Afrika Kusini. Alieleza kama mwalimu mzuri aelezavyo, kwa mikono na bila haraka, akimwacha mtoto akosee kwanza. Mtu huyu hawezi kudanganya kuhusu muda, kwa sababu mezani pake pana mche wa mwaka mmoja, wa miaka mitatu na wa miaka mitano, na tofauti inaonekana. Kama medali ingekuwa mkononi mwangu ningeiacha katika hema lile.

Huko ndiko nilikokutana na mwananchi mwenzangu. Katika meza moja yalipangwa maua madogo ya zambarau, meupe na ya waridi, majani yake mazito yenye vinyweleo, ndani ya vyungu visivyozidi kikombe cha chai. Wajerumani huyaita urujuani wa Usambara, na Waingereza urujuani wa Afrika. Mimi ni mtu wa Usambara. Ua hili huota penye kivuli, juu ya miamba yenye unyevu, na utotoni tulilipita tukienda kuchota maji bila kulipa jina la heshima. Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mtawala wa wilaya ya Tanga wakati wa Wajerumani, ndiye aliyelipeleka Ujerumani, na mwaka 1893 Hermann Wendland akaliandika kwa jina la Saintpaulia. Mwaka huohuo likaonyeshwa Ghent, Ubelgiji, katika maonyesho ya bustani kama haya haya, na kutoka hapo likaingia madirishani mwa dunia nzima. Tangu mwaka 2015 wataalamu wamelihamishia katika jenasi ya Streptocarpus, kwa hiyo hata jina la yule Mjerumani limesogezwa pembeni.

Vibao vya meza ile vilikuwa na majina ya kupendeza ya kila aina ya rangi, lakini hapakuwa na hata kimoja kilichosema linatoka wapi. Hali ni hiyohiyo kwa lile ua la vivulini, Impatiens walleriana, ambalo Waingereza hulipanda kwenye vikapu vya kuning'iniza. Nalo ni la kwetu Afrika Mashariki, na mwaka 1882 liliwahi kuitwa Impatiens sultani kwa heshima ya Sultani wa Zanzibar. Sidai shukrani wala kodi, maana mihogo na mahindi yetu nayo yalitoka Marekani nasi hatuweki kibao shambani. Lakini shamba si maonyesho. Maonyesho kazi yake ni kueleza, na kwa ua hili kuna jambo la kuelezwa lililo zito. Misitu ya Usambara imekatwa sana, na baadhi ya aina za mwituni zimebaki katika miamba michache tu, huku ndugu zao wakiuzwa kwa bei ya kikombe cha kahawa. Mtu anayelinunua angependa kulijua hilo. Mama mmoja aliyesimama karibu nasi alinisikia nikimweleza mjukuu, akaligeuza chungu lake mkononi mara mbili tatu, akaniuliza kama huko kwetu huota kwenye jua au kivulini. Alikuwa amewaua wawili kwa kuwaweka dirishani.

Alasiri ya siku ya mwisho huwa na desturi yake. Ishara ikitolewa, waonyeshaji huanza kuuza walivyoonyesha, na uwanja wote hugeuka soko. Nilikuwa nimeambiwa ni vurugu, na kweli ni vurugu, lakini naihesabu kuwa sehemu bora ya siku. Watu wazima walikimbia na vikokoteni. Bustani zilizokuwa zimezungushiwa kamba juma zima zilipunguzwa vyungu vyake mbele ya macho yetu, na ule ujanja wa kufukia vyungu ukaonekana wazi, wala hapakuwa na aliyeona haya. Ndani ya treni ya kurudi hatukuonana nyuso kwa majani. Bwana mmoja alipakata mmea mrefu kuliko yeye, na kila treni iliposimama ulimpiga kofi jirani yake, ambaye naye alikuwa na wake.

Binti yangu alinunua yungiyungi moja la bluu kwa yule mzee wa hemani, la miaka mitatu. Mwaka 2019 halikutoa ua. Lilitoa mwaka 2020, mashina mawili.