Rangi ya Kiwandani Isomwe Kwenye Bodi

Anayefufua gari la zamani na kutaka rangi ambayo gari lilitoka nayo kiwandani huanza kwa kutafuta namba. Ataisoma kwenye kibati chini ya boneti au kwenye orodha ya rangi za mwaka huo, kisha ataipeleka dukani wamchanganyie. Namba ina kazi yake, lakini inaeleza tu kiwanda kilikusudia nini. Haielezi rangi ilionekanaje ilipokauka. Ushahidi mzito zaidi uko kwenye bodi yenyewe, na kazi ianzie hapo, namba ije baadaye kama shahidi wa pili. Land Rover zilizoanza kutoka Solihull, Uingereza, mwaka 1948 zinalionyesha jambo hili vizuri. Za mwanzo zilipakwa kijani hafifu, na husimuliwa mara nyingi kwamba hilo lilikuwa salio la rangi za ndege za vita. Iwe kweli au la, simulizi hiyo haimpi fundi kipimo hata kimoja. Januari 2018, Jaguar Land Rover walipotangaza kwamba wataifufua moja ya Land Rover zilizoonyeshwa Amsterdam mwaka 1948, kuiunda upya rangi ile ya kijani kulitajwa miongoni mwa kazi maalumu za mradi. Hao ni warithi wa kiwanda chenyewe, na hata kwao kuipata rangi hiyo ilikuwa kazi ya pekee.

Sababu kubwa ya namba kutotosha ni kwamba viungo vimebadilika. Rangi nyingi za kijani za enzi hiyo zilipatikana kwa kuchanganya manjano ya kromati ya risasi na bluu ya Prussia. Risasi ni sumu, na ni haki kabisa kwamba inaondolewa kwenye rangi. Anayechanganya kijani kile leo hutumia manjano na bluu za aina nyingine, na shida huanzia hapo. Rangi mbili zenye chembe tofauti zinaweza kulingana kabisa chini ya taa ya duka, kisha zikaachana gari linapotolewa nje, moja ikavuta kwenye bluu na nyingine ikabaki na umanjano wake. Kila aina ya chembe humeza na kurudisha mwanga kwa namna yake, na mwanga wa balbu ya waya una wekundu mwingi kuliko mwanga wa mchana. Kwa hiyo rangi iliyolinganishwa chini ya mwanga mmoja haijathibitishwa. Kipande cha majaribio kitazamwe juani, kivulini na chini ya balbu. Kikilingana hapa na kukataa pale, dawa ni kubadilisha viungo, maana kuongeza tone la nyeusi au nyeupe hakutasaidia.

Bodi ya Land Rover ni ya Birmabright, aloi ya alumini, iliyochaguliwa kwa sababu chuma kilikuwa adimu baada ya vita. Alumini haishikwi na kutu ile inayokula chuma na kubandua rangi, ndiyo maana tabaka la kwanza huweza kukutwa hata kwenye gari lililopigwa rangi mara nyingi. Litafutwe mahali ambapo jua na bunduki ya rangi havikufika: ndani ya sanduku la viti, nyuma ya bawaba za milango, chini ya vibati vilivyofungwa kwa skrubu. Fundi asikwangue kwa kisu. Achukue msasa wa maji, aanze na namba 1000 na kumalizia na 2000, asugue mahali padogo kwa kuzungusha mpaka alumini ionekane katikati. Tabaka zitajitokeza kama pete, moja ndani ya nyingine. Inayotafutwa ni ile iliyolala moja kwa moja juu ya praima ya kwanza. Pete hiyo ikiwa na rangi moja kwenye sanduku la viti na nyingine mlangoni, huenda mlango ulitoka kwenye gari jingine, na hilo hakuna orodha ya namba itakayolisema.

Kuna pingamizi lenye uzito: rangi iliyokaa miaka 70 si ile iliyopulizwa kiwandani, hata kama haikuona jua. Ni kweli. Rangi zenye mafuta, zikiwemo za alkidi, huingia umanjano zikikaa gizani, kwa hiyo kipande cha chini ya kiti kinaweza kupotosha kama boneti iliyopauka inavyopotosha. Lakini makosa haya mawili yanajulikana na yana tiba tofauti. Umanjano wa gizani hupungua kipande kikiachwa kwenye mwanga wa mchana kwa muda. Ukungu wa juu ya rangi iliyopigwa na jua huondoka kwa polishi. Vipande kadhaa vya sehemu mbalimbali vikikubaliana baada ya kutayarishwa hivyo, naviamini kuliko kopo lolote lililochanganywa kwa namba pekee.

Wengine watasema spektrofotomita imemaliza mjadala. Kifaa hiki nakiunga mkono: hupima mwanga unaorudi kutoka kwenye rangi, na tofauti iliyo chini ya 1 kwenye vipimo vyake kwa kawaida jicho haliioni. Ila hupima kile kilichowekwa mbele yake. Kikiwekwa juu ya boneti iliyopauka, kitatoa fomula sahihi ya rangi iliyopauka. Tena mng'ao ni jambo la pekee: rangi inayong'aa sana huonekana nzito kuliko yenye mng'ao wa wastani, hata chembe zikiwa zilezile, na rangi za leo za kuchanganywa na hadina, yaani kigumishi, hung'aa mno kwa gari la shamba la 1948. Bado kipande cha majaribio kinahitajika, kipulizwe kwa bunduki itakayotumika, juu ya praima itakayotumika, na kihukumiwe kikishakauka.

Afrika Mashariki hoja hii ina nguvu zaidi. Land Rover za hapa zimepita kwenye idara za serikali, mashamba na hifadhi za wanyama, na nyingine ziliunganishwa Thika, kwa hiyo orodha ya Solihull si lazima izihusu zote. Mtu anaweza kuuliza kwa nini rangi ya kwanza ipewe heshima kuliko ile ambayo gari lilifanyia kazi maisha yake yote. Swali ni la haki, na mwenye gari ana uhuru wa kuchagua. Asichopaswa kufanya ni kulichuna lote mpaka alumini kabla ya tabaka kupigwa picha na kupimwa. Na hata baada ya kuchagua, aache sehemu ya ukubwa wa kiganja ndani ya sanduku la viti bila kuguswa, ikiwa na tabaka zake zote, na fomula ya rangi mpya iandikwe nyuma ya kipande cha majaribio kitakachohifadhiwa pamoja na hati za gari.