Karbala na Pangani: Mtawala Mwislamu katika Tenzi za Hemedi bin Abdallah el-Buhriy

Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima hutumiwa zaidi kama ushahidi wa kihistoria. Tasnifu hii inausoma sambamba na Utenzi wa Seyyidna Huseni bin Ali, wa mtunzi huyohuyo wa Tanga. Huseni aliuawa Karbala mwaka 680 na jeshi la Yazidi. Bushiri bin Salim alinyongwa Pangani mwaka 1889 na Wajerumani, ambao kampuni yao ilikabidhiwa utawala wa Mrima na Sayyid Khalifa mwenyewe kwa mkataba wa 1888. Mapokeo ya Karbala humlaumu Yazidi waziwazi. Kumlaumu Sultani wa Unguja kulikuwa jambo zito zaidi. Muundo uliorithiwa kutoka tenzi za Maghazi ulikwisha kuwa na nafasi ya kafiri na ya shahidi, lakini si ya sultani aliyeikodisha nchi.