Jopo linalosikiliza wananchi

Wakazi wa Kabazi na majirani zao wa Solai, ambako bwawa lilipasuka usiku wa tarehe 9 Mei 2018 na kuua zaidi ya watu 40, hawahitaji kuelezwa kwa nini sheria ya Kenya inataka ujenzi wa bwawa uwe na kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Chombo cha namna hiyo huitwa mdhibiti, yaani taasisi iliyopewa na Bunge uwezo wa kutoa leseni, kukagua na kusimamisha kazi yenye hatari.

Hata hivyo mdhibiti naye huweza kukosea, na hapo ndipo Jopo la Kitaifa la Mazingira, lililoundwa kwa Sheria ya Mazingira ya mwaka 1999, linapostahili pongezi za dhati. Jopo hili ni baraza la rufaa ambalo halifungwi na kanuni kali za ushahidi, jambo ambalo ni neema kubwa kwa mkulima asiye na wakili, na linaweza kufuta leseni iliyotolewa na mamlaka ya mazingira. Ushahidi wa ujasiri wake ni uamuzi wa Juni 2019, lilipofuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 huko Lamu, kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo.

Anayepinga leseni ana siku 60 za kukata rufaa, asizipoteze.