Mbuyu, Mnazi na Lahaja: Kumsoma Haji Gora Haji kutokea Nakivale

Makala haya yanajadili ushairi wa Haji Gora Haji (1933–2021), mzaliwa wa kisiwa cha Tumbatu, Unguja, aliyeishi kwa uvuvi na ubaharia. Tunadai kwamba sera ya Kiswahili nchini Uganda ina funzo la kupata katika namna mtunzi huyu alivyohusisha lahaja na lugha sanifu.

Diwani yake ya Kimbunga (TUKI, 1994) imebeba jina la shairi linalosimulia dhoruba iliyoupiga mji wa Siyu: mibuyu iling'oka, minazi ikanusurika. Wapo waliousoma ukinzani huo kuwa fumbo la kisiasa, hasa la Mapinduzi ya 1964. Usomaji huo una mashiko, ila unaruka hatua moja. Mnazi hupinda mbele ya upepo, mbuyu haupindi. Msomaji aijuaye pwani huanza na ujuzi huo, ndipo afike kwenye fumbo. Taswira hii haikuazimwa vitabuni. Imetoka katika maisha ya mtunzi.

Ndivyo ilivyo pia kwa lugha yake. Mtunzi ambaye diwani yake imesomeshwa katika sekondari za Tanzania ndiye aliyekusanya msamiati wa Kitumbatu katika kamusi iliyochapishwa na BAKIZA. Kwake lahaja haikuwa kosa la kusahihishwa, bali ghala la kuchotea.

Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, Kiswahili cha Kongo Mashariki hukutana na cha Burundi. Huko Kikagate, cha Tanzania kiko ng'ambo tu ya mto Kagera. Julai 2022, Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Mwalimu akimkatiza mtoto kila atamkapo neno la kwao, huenda akapata sarufi na kumpoteza msemaji.

Itapingwa kwamba mitihani hutungwa kwa Kiswahili Sanifu. Ni kweli, na hatupendekezi lahaja ichukue nafasi yake. Tunapendekeza mambo mawili: mtaala utenge nafasi ya tungo zenye lahaja, na walimu wa Isingiro na Mbarara wakusanye msamiati wa wanafunzi wao, kila neno na kisawe chake sanifu. Mvuvi wa Tumbatu aliikusanya lahaja yake. Wizara yenye wataalamu haina udhuru wa kushindwa.