Uzuri wa Bomba Lisiloaminika

Mwaka 2009 wasanii wa Unfold, mjini Antwerp, Ubelgiji, walianza kuchapa vyombo kwa udongo uliosukumwa na hewa kutoka kwenye sindano kubwa. Nawasifu kwa ujasiri wao. Lakini sisi tunaowaiga, tunaojitengenezea mashine nyumbani, tunastahili kusutwa, na naanza na mimi mwenyewe.

Bomba la kubebea udongo nililikata kutoka plastiki ang'avu, nipate kuuona ukishuka. Lilipendeza kweli. Jioni moja likapasuka kwa shinikizo la hewa, vipande vikagonga ukuta pale anapopenda kusimama binti yangu. Hewa iliyoshindiliwa ni kama upinde uliovutwa: haivuji kwa upole, hufyatuka. Bomba la sasa ni la alumini nene. Silioni tena udongo, lakini nalala usingizi.

Kosa la pili lilikuwa ubahili. Parafujo ya plastiki ililika, kwa maana udongo una chembe za kwatzi, ngumu kuliko hata chuma cha kawaida. Nikaweka ya chuma hicho. Ikashika kutu, na kutu ikaacha madoa ya kahawia kwenye udongo mweupe ulipochomwa. Chuma cha pua ndicho kilichonitoa aibu.

Mdomo wa mashine, msomaji wangu, hata ukiwa wa plastiki si neno, ukilika, utabadilishwa. Hukumu yangu basi ni hii: kila sehemu tuiulize kwanza, ikivunjika itamdhuru nani? Uzuri na bei vifuate nyuma.